Shule jumuishi sawa, ila kiti nani anasukuma?

Kuna shule moja ya kata huku juu kwenye uwanda wa Makonde, jina lake naliacha maana shida yenyewe siyo ya shule hiyo peke yake. Mwaka huu wamepaka rangi upya ukuta wa ofisi na wameandika tunu za shule kwa herufi kubwa za bluu: Utu, Upendo, Usawa, Bidii, Uwajibikaji. Chini yake kwa maandishi madogo kidogo, "Sisi ni shule jumuishi", yaani mtoto mwenye ulemavu anasoma humo humo na wenzake. Imependeza kwa kweli, fundi ana mkono mzuri, hata ile "j" kaivutia mkia.

Siku ya kikao cha wazazi tukakaa chini ya mwembe tunautazama huo ukuta, mambo yanaenda kama siku zote, michango ya chakula, simu, nywele, mahafali, mpaka mama mmoja akanyoosha mkono akasema ana swali dogo tu. "Mkuu, mwanangu analipwa na nani?" Watu wakadhani kakosea kikao. Ndo akaeleza. Mwanae yuko kidato cha tatu, darasa moja na kijana anayetumia kiti cha magurudumu, wanatoka mtaa mmoja, na tangu kidato cha kwanza mwanae ndo anasukuma. Asubuhi kuja, jioni kurudi, kipindi kikihamia maabara anasukuma, mapumziko anampeleka chooni. Na anayeijua Newala na Tandahimba anajua mchanga wa huku, mwekundu, laini, gari lenyewe likikosea njia linazama, sasa fikiria kiti chenye tairi nyembamba kama za baiskeli. Wanachelewa karibu kila siku. Juzi hapo wamefika namba imeshaitwa, mwalimu wa zamu kawaangalia, aliyekaa kwenye kiti akasamehewa, aliyesukuma akapewa jembe.

"Huyo mtoto wa mwenzangu anakula kwangu, sina neno naye kabisa," mama akamalizia. "Nauliza tu."

Kikao kikavunjika vipande viwili hapo hapo, na mimi tangu siku hiyo nalizungusha kichwani hili suala la shule jumuishi, kwa sababu ukiwasikiliza wale wa upande huu wana hoja na wale wa upande ule nao wana hoja, na mjadala wa kweli uko pale pale kwenye swali la yule mama.

Nianze na mwalimu wa taaluma maana wengi walimnunia na mimi naona hawakumtendea haki. Alisema hivi, tena kwa upole: tusijiite jumuishi kama hatuwezi. Darasa moja lina watoto zaidi ya 70. Mwalimu aliyesomea elimu maalum hakuna hata mmoja. Kuna mtoto mwenye uoni hafifu anakaa nyuma na notsi ananakili kwa jirani yake, na jirani mwenyewe mwandiko wake mganga tu ndo anausoma. Kuna binti hasikii vizuri, anacheka wenzake wakicheka, ukimuuliza kilichochekesha hajui. "Hawa tumewaandikisha," akasema, "kuwafundisha bado." Kwa hiyo kwake yeye uungwana ni kusema ukweli, wapelekwe kwenye shule zenye vitengo vya elimu maalum, kuna bweni, kuna mashine za nukta nundu za wasioona, kuna mtu anayejua lugha ya alama, kuliko kumweka mtoto miaka minne darasani kama mgeni halafu tukapiga naye picha siku ya mahafali.

Na akagusa jambo ambalo walimu wengi wanalisema chini chini tu, yaani matokeo. Shule inapimwa kwa wastani na kwa idadi ya zero. Baraza la Mitihani lilitangaza Januari 2023 kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora, uamuzi ambao mimi niliupenda, lakini hebu angalia matokeo yakitoka, wadau wanakaa na kalkuleta zao wanapanga wenyewe nani wa kwanza nani wa mwisho na orodha inazunguka kwenye magrupu kabla ya saa mbili usiku. Mkuu wa shule anayepokea watoto ambao wenzake wamewakwepa anaingia kwenye mashindano hayo hayo na mzigo mara mbili, hakuna anayemwongezea maksi za utu. Tunu ukutani inasema usawa, karatasi ya tathmini inauliza una zero ngapi, na mwalimu wa kawaida ataifuata karatasi. Hapo siwezi kumlaumu.

Sasa upande wa pili. Mzee mmoja, mstaafu, akasimama akasema neno ambalo watu wa Kusini tunalielewa bila kutafsiriwa. Akauliza, kabla ya 2003 masika ikipiga, nani hapa alikuwa anafika Dar? Kimya. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo ilikuwa pantoni, mto ukijaa unalala ng'ambo, gari linakwama siku nenda siku rudi, muhogo umeisha, watoto wanalia. "Mlikuwa hamfiki kwa sababu miguu yenu mibovu?" Watu wakacheka. "Daraja ndo lilikuwa halipo. Na hakuna aliyesema watu wa Lindi na Mtwara wajengewe Dar yao maalum."

Nilipenda sana hii, na ukiisikiliza vizuri ndo msingi wenyewe wa elimu jumuishi, tangu lile tamko la Salamanca kule Hispania mwaka 1994 ambapo serikali 92 zilikubaliana kwamba shule ya kawaida ndo inatakiwa ijirekebishe imfuate mtoto, siyo mtoto ajikunje aifuate shule. Kwetu tukaja kuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayotaka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi nayo imekuwa ikifuatana tangu 2009. Kwa hiyo kusema "apelekwe kwenye zao" siyo maoni tu ya mwalimu mchovu, ni kwenda kinyume na njia ambayo nchi imeshaichagua kwa karatasi.

Halafu kuna hesabu ya nyumbani ambayo watetezi wa vitengo wanairuka. Ukimwambia mzazi wa Nanyumbu ampeleke mwanae shule yenye kitengo mkoa wa mbali, maana yake nauli mara kadhaa kwa mwaka, godoro, tranka, ndoo, na mtoto anaondoka kwenye nyumba ambako anafahamika, mdogo wake anajua akikohoa hivi anataka nini. Wengi hawaendi. Wanabaki nyumbani wanalinda nyumba wenzao wakiwa shambani, na huko kwenye makaratasi wanasomeka kama watoro. Kwa hiyo uchaguzi ulioko mbele ya watoto wengi si kati ya shule ya kata isiyo na vifaa na shule nzuri yenye kitengo. Ni kati ya shule ya kata na kibaraza.

Mpaka hapa unaweza kudhani mimi ni wa mzee mstaafu moja kwa moja. Sivyo, na sababu ni kwamba pande zote mbili zinazungumza "watoto wenye ulemavu" kama vile ni mtoto mmoja.

Chukua mtoto kiziwi. Huyu ukimweka peke yake kwenye darasa la watu 70 wanaoongea, hata mwalimu awe malaika, umemfungia ndani ya kioo. Lugha yake ni ya alama na lugha haisemwi na mtu mmoja, inahitaji wenzake wa kupiga nao soga, kugombana nao, kutaniana, kutunga alama mpya za walimu wasiowapenda. Ongeza na kimbembe cha sekondari zetu, unatoka Kiswahili cha msingi unaingia Kingereza kidato cha kwanza, hata mwenye masikio mawili mazima anazama, huyu anatakiwa atoke alama aende Kiswahili aende Kingereza, na nusu ya maneno ya Fizikia mkalimani mwenyewe anayatamka herufi kwa herufi kwa vidole. Hapo nakubaliana na mwalimu wa taaluma asilimia mia, viziwi wakusanywe wawe wengi mahali pamoja, na wala si kuisaliti sheria kwa sababu sheria hiyo hiyo ya 2010 imeacha mlango, inasema shule ya kawaida isipokuwa pale ambapo mawasiliano maalum yanahitajika. Ujumuishi wa kiziwi ni kuwa na jumuiya, na jumuiya ya mtu mmoja haipo.

Ila mtoto mwenye ualbino je? Huyu anahitaji nini ambacho shule ya kata haina? Kofia pana, mikono mirefu, dawati la mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, pepa ya maandishi makubwa, na mafuta ya ngozi, yapo hata yanayotengenezwa hapa hapa nchini kule hospitali ya KCMC Moshi. Mimi nimeona kwa macho yangu, shule nyingine siyo hii, mtoto mwenye ualbino kasimama paredi saa mbili na nusu jua limeshachoma, kofia kaishika mkononi kwa sababu kofia siyo sare. Dakika arobaini za matangazo. Mwalimu anayehutubia kasimama kwenye kivuli. Hapo utaniambia tatizo ni vifaa? Au bajeti? Hapo ni roho tu ya shule, mtu mmoja angesema "wewe vaa kofia yako, tena njoo usimame huku", imeisha, haikuhitaji mradi wala mfadhili.

Na mwenye kiti vile vile. Njia ya saruji upana wa mita moja na nusu kutoka getini mpaka darasani, mteremko badala ya ngazi, choo chenye mlango mpana. Huyu ukimpeleka kitengo mkoa mwingine umempeleka kwa sababu ya mchanga. Mchanga!

Kumbe basi neno "jumuishi" linaficha mambo matatu tofauti, kuna watoto wanaohitaji ruhusa tu, kuna wanaohitaji saruji na mbao, na kuna wanaohitaji wataalamu na wenzao. Shule inayoandika ukutani jumuishi bila kujua ni kwa yupi kati ya hao inaishia kuwapokea wote na kumtumikia yeyote kwa bahati. Angalau kwenye mtihani wa taifa mambo yamenyooka kidogo, mtahiniwa asiyeona au mwenye uoni hafifu anaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Sasa jiulize, shule ngapi zinampa mtoto huyo huyo hizo dakika kwenye testi ya mwezi? Anaenda kukutana nazo kwenye mtihani wa taifa tu, hajui hata namna ya kuzitumia.

Nifungue mabano kidogo. Ukienda na wale wanaosema jumuishi ni zaidi ya ulemavu, shule ya huku Kusini ina mtihani wake. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani aliyepata mimba hatarudi shuleni, Novemba 2021 serikali ikafungua mlango na waraka ukatoka, binti akijifungua anaruhusiwa kurudi. Mlango uko wazi ila ingia uone, mabinti wanarudi wanakuta benchi lao la nyuma limeshapewa jina. Wazazi wengine nao, na huwa wanaongea kwa uchungu wa kweli, wanasema mkiwachanganya mnawafundisha wadogo kwamba hakuna ubaya. Mimi hofu hiyo naielewa, nina binti pia, lakini sijaona mtoto aliyeshawishika kuzaa kwa kumwona mwenzake anasoma Bailojia huku maziwa yanavuja kwenye shati. Anayoyaona pale yanatosha kumtisha kuliko nasaha zangu zote. Na kuna wale wa msimu, Oktoba korosho zimeiva, minada imeanza, mtoto anaokota na bibi yake mpaka saa nne ndo aje shule, na Novemba ndo pepa ya kidato cha nne. Nao wanaitwa watoro. Nafunga mabano.

Turudi kwa mama. Baada ya yeye kusema, kuna baba mmoja alimjibu kwa ukali kidogo, "Mama, huo ndo utu wenyewe, tunu ya kwanza pale ukutani, unataka mtoto alipwe kwa kumsaidia jirani? Sisi tulilelewa hivyo." Makofi yakapigwa. Na ni kweli, tusijidanganye, shule hizi za kata pamoja na umaskini wake zina kitu ambacho shule nyingi za ada kubwa hazina. Watoto wale wanasaidiana bila kuambiwa. Mmoja anashika kitabu cha mwenzake karibu na uso, mwingine anamgusa bega asiyesikia kwamba mwalimu anamwita, mwingine anagawa uji. Hicho hakikuletwa na semina. Ukileta msaidizi wa mshahara kesho, inawezekana kabisa wale watoto wakarudi nyuma hatua moja wakasema hiyo kazi ina mwenyewe. Hoja ya huyo baba ina uzito wake.

Ila aliruka kitu kimoja. Utu wa yule kijana anayesukuma ni wa kwake na wa nyumba aliyolelewa. Shule imeuchukua ikauandika ukutani kama wake. Kama shule ingekuwa na utu huo kweli, ungeuona kwenye mambo ambayo shule inayamiliki, nani anapangwa zamu ya kusukuma ili asiwe mmoja kwa miaka mitatu, nani anasamehewa kuchelewa, kidato cha tatu kinakaa chumba gani, wenye kufidia kipindi kilichompita ni akina nani. Kote huko hapakuwa na chochote. Wajibu wote umewekwa kwenye mabega ya mtoto wa miaka 17, halafu akikosea dakika kumi tunampa jembe. Na mwenye kiti naye, hebu vaa kiatu chake, kila unachotaka, maji, choo, kwenda kumsalimia mtu, lazima umwombe rafiki yule yule, unaanza kupunguza kunywa maji asubuhi. Urafiki unageuka deni. Ndo maana naona swali la malipo lilikuwa sahihi hata kama neno lenyewe "analipwa" liliwaudhi watu, kila tunu ina gharama yake na ukitaka kujua ni tunu ya nani, tafuta anayeilipia.

Kuhusu pesa, maana nasikia mtu anasema "saruji tutatoa wapi". Halmashauri za huku siyo maskini kila mwezi, msimu wa korosho ukichanganya ushuru wa mazao unaingia, na tumeona madarasa yakijengwa na magari yakinunuliwa. Nchi hii hii imeweza kupanga kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iende mikopo na humo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Kama tumeweza kuwatengea mtaji wakiwa watu wazima, njia ya mita mia moja wakiwa wanafunzi haiwezi kutushinda. Lakini hata hiyo naiweka pembeni, maana mengi niliyoyataja juu hayahitaji shilingi, na shule ambayo bado haijamruhusu mtoto kuvaa kofia, ukiipa milioni kumi itajenga uzio.

Kikao kiliisha kwa kuunda kamati, mnajua tena. Wanafunzi hawakuwepo, yaani vijana wawili waliojadiliwa saa nzima walikuwa darasani wanaendelea na Jiografia. Nilikutana nao jioni dukani, mmoja kakaa, mmoja kaegemea mpini wa kiti anakula andazi, na wanajua kila kilichosemwa kwenye kikao, sijui nani huwa anawapelekea. Nikamuuliza yule wa kwenye kiti, na nikaona aibu kwamba mimi ndo wa kwanza kumuuliza, yeye angetaka nini. Hakusema utu wala usawa. Akasema kile chumba cha kwanza kulia ukiingia getini, pale ambapo ardhi ngumu na hakuna ngazi, kiwe darasa lao. Aliomba tangu kidato cha kwanza. Akaambiwa ni stoo.

Wiki iliyopita nimepita pale. Madawati mabovu yametolewa, yamepangwa chini ya mwembe yananyeshewa, na chumba kimefagiwa. Mlangoni kuna kufuli jipya, na ufunguo nasikia anao mwalimu wa taaluma.